Namna ya kuchagua njia ya uzazi wa mpango bila kumuuliza jirani

Jumatatu asubuhi, kabla hata sijamaliza kufagia mbele ya duka, lazima aje mtu anayeongea kwa kunong'ona. Nauza dawa huku Mbagala mwaka wa tisa sasa na ile sauti naijua kabla mtu hajafika kaunta, anasubiri mwenye Panadol aondoke, anaangalia kulia kushoto, halafu "dada samahani, ile... P2 ipo?" Ndo kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo. Namuuliza ilikuwa lini, anasema juzi. Namuuliza na mwezi uliopita si ulikuja, anacheka anaziba mdomo. Wengine wanakuja mara tatu kwa mwezi na mi simhukumu mtu, kwanza ni biashara yangu hiyo, ila moyoni nasema huyu angepata mtu wa kukaa naye dakika ishirini angechagua kitu cha maana akaacha kuhesabu masaa kila wikiendi. Sasa pale kaunta dakika ishirini hamna, nyuma yake wamepanga foleni watu watano na mmoja ni wifi yake. Ndo maana naandika huku.

Mi siyo daktari jamani, nauza dawa na nimetumia hizi njia mwenyewe, watoto wawili, wa kwanza alikuja bila taarifa. Nachokuambia hapa ni vitu ambavyo ukivijua kabla ya kwenda kliniki utajua cha kuuliza, hutakaa pale unaitikia ndiyo ndiyo halafu unatoka hujui umechomwa nini.

Cha kwanza kabisa, tenganisha mimba na magonjwa. Watu wanachanganya sana hapa. Mtu anaweka kijiti, kile cha chini ya ngozi ya mkono, halafu anaanza kwenda peku kwa raha zake eti "nimejikinga". Umejikinga mimba. Kijiti, sindano, kitanzi, vidonge, hakuna hata kimoja kinachozuia UKIMWI wala kisonono wala kaswende. Kondomu peke yake ndo inafanya kazi zote mbili, ila kwenye mimba inategemea sana mikono ya anayeivaa. Kwa hiyo kama mwenzako humwamini asilimia zote, au hamjapima, au ndo mnaanza, unahitaji vitu viwili kwa pamoja, kimoja cha mimba na kondomu juu yake. Siyo uoga huo wala kutomheshimu mtu.

Halafu chukua karatasi, au simu, ujibu haya kwa ukweli maana hakuna anayekuona. Mtoto unamtaka lini, mwakani, baada ya miaka mitatu, au umefunga duka? We ni mtu wa kusahau? Usijidanganye hapa, kama dozi ya siku tano ya antibayotiki huwa hauimalizi basi kidonge cha kila siku kwa miaka miwili kitakushinda. Kuna mtu ndani ambaye hatakiwi kujua? Wengi wanaishi hivyo na ni jambo la kweli. Una presha, unanyonyesha, unavuta sigara, kichwa kinakugonga upande mmoja mpaka unaona vimulimuli, unatumia dawa za TB au za kifafa au ARV? Na la mwisho ambalo watu hawajiulizi kabisa: hedhi yako ikibadilika utaweza kuvumilia? Maana mwanamke akiacha njia mara nyingi ni damu, inakuja ovyo au haiji, na hakuna aliyemwambia mapema.

Majibu ya jirani yako hayahusu karatasi yako. Jirani aliyenenepa kwa sindano na mdogo wako aliyekaa miaka mitano na vijiti bila hata kipele ni miili miwili tofauti.

Kuhusu uwezo wa kila njia ntakupa namba chache uzishike. Wanawake 100 wanaofanya mapenzi kawaida bila kinga yoyote, ndani ya mwaka mmoja kama 85 watapata mimba. Kwa kumwaga nje ni kama 20. Kondomu ya kiume vile watu wanavyoitumia kweli, leo anavaa kesho amesahau, ni kama 13, ingawa ukiivaa vizuri kila mara zinashuka mpaka 2. Vidonge kama 7. Sindano kama 4. Kitanzi hakifiki 1. Kijiti ni chini ya mmoja kwenye 100, yani utafute wanawake 1,000 ndo umpate mmoja. Ukiangalia vizuri utaona tofauti ni moja tu, njia ambazo wewe huna cha kukumbuka ndo zinaongoza.

Tuanze na kijiti basi maana ndo changu. Kuna cha kimoja na kuna vya viwili. Cha kimoja kinakaa miaka 3, vya viwili kwa kawaida miaka 5. Wengi wanaogopa kwa sababu wanadhani ni operesheni. Ilivyokuwa kwangu: nililala kitandani, mkono wa kushoto kwa sababu naandikia wa kulia, nikaukunja juu ya kichwa kama nimejinyoosha usingizini. Nesi akapima kwa vidole upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, akaweka alama kwa peni, akachoma ganzi, hiyo ganzi ndo iliuma, kama siafu. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa tu. Akatoa kile kifaa, akachukua kidole changu akakipeleka pale akaniambia gusa. Nikakisikia chini ya ngozi, kama njiti ya kiberiti laini. Bandeji, siku kadhaa hakuna kulowesha, nikapanda daladala nikarudi dukani. Hiyo ya kugusa usikubali kuondoka bila kuifanya, maana ukikisikia siku ya kwanza unajua kipo, na ukikisikia mwaka wa pili pale pale unajua hakijaenda kokote. Zile stori za kijiti kimetembea kikafika kwenye moyo ndo zinaishia hapo kwenye kidole chako.

Kwangu ubaya ulikuwa damu. Miezi minne inakuja inakata inakuja, siyo nyingi lakini kila siku pedi. Nikarudi pale nilipowekewa, nesi wa zamu ile akaniambia vumilia, hatutoi kabla ya miezi sita. Hiyo siyo kweli na nataka uishike: kijiti kinatolewa siku yoyote unayotaka wewe, hata wiki ya pili, na huhitaji kumpa mtu sababu ya kumridhisha. Na pia kuna dawa za kutuliza ile damu kwa siku chache, angeweza kunipa. Nilienda kituo kingine nikapewa, mwezi wa tano ikakata yenyewe, mpaka leo hedhi yangu ni matone tu na kijiti sijakitoa. Kama hedhi imekata kabisa kwa sababu ya kijiti au sindano, damu haijajaa tumboni. Homoni imefanya ule ukuta wa ndani ya mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Hakuna pipa lolote mle ndani linalojaa.

Kuna kitu kimoja cha kijiti ambacho watu hawaambiwi mpaka yawakute. Dawa za TB zenye rifampicin, baadhi ya dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, na ile ARV ya zamani yenye efavirenz, zinakifanya kijiti kiishiwe nguvu. Zinafanya ini liunguze ile homoni haraka kuliko kawaida. Alikuja dada mmoja hapa na UPT, kile kipimo cha mimba, mkononi, mistari miwili imekolea, na kijiti chake kipo kwenye mkono tunakigusa wote wawili. Alikuwa kwenye dozi ya TB mwezi wa tatu, na aliyempa dozi hakumuuliza kuhusu uzazi wa mpango, na yeye hakujua kama inahusu. Siku hizi wengi walio kwenye ARV wako kwenye dolutegravir, hiyo haina shida na kijiti. Lakini wewe taja dawa zako zote, kila unapokwenda, hata usipoulizwa. Antibayotiki za kawaida kama amoksilini hazina neno, hilo naulizwa sana.

Sindano. Kila miezi mitatu, haraka, hakuna anayejua, ndo maana akina mama wenye waume wakali wanaipenda. Ukichelewa kidogo usiogope kurudi, mpaka wiki 4 baada ya tarehe bado unachomwa kama kawaida, ukizidi hapo wanahakikisha kwanza huna mimba halafu unatumia kondomu siku 7. Wengine wananenepa, hilo ni kweli siyo uvumi. Na kuna la muhimu zaidi: ukiacha sindano mimba haiji haraka. Wengi inachukua kama miezi 10 tangu ile sindano ya mwisho, wengine zaidi. Siyo ugumba, uzazi unarudi, ila kama karatasi yako inasema unataka mtoto mwakani basi sindano siyo yako, chagua kitu ambacho ukikitoa leo mwezi ujao mwili umerudi. Kulikuwa pia na hofu kwamba sindano inaongeza hatari ya kupata UKIMWI, wakafanya utafiti mkubwa kwa wanawake 7,829 Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini, majibu yakatoka 2019, hawakukuta tofauti kubwa kati ya sindano, kijiti na kitanzi cha shaba. Kilichowashtua ni kwamba maambukizi yalikuwa mengi kwenye makundi yote matatu. Rudi kule juu nilipoongelea kondomu.

Siku hizi kuna na sindano ndogo ya chini ya ngozi, wenzetu Uganda wanawafundisha wanawake kujichoma wenyewe nyumbani. Ulizia kituoni kwako kama ipo.

Kitanzi, wengine wanaita lupu, kinawekwa ndani ya mfuko wa uzazi na ndo kinasingiziwa kuliko vyote. Cha shaba hakina homoni hata chembe, kinaweza kukaa mpaka miaka 12, na kinaanza kazi siku hiyo hiyo. Eti kinamchoma mwanaume! Kinachobaki nje ya mlango wa kizazi ni nyuzi mbili laini, na kama mwenzio anazisikia unarudi zinakatwa kidogo au zinakunjwa, basi. Ila ntakuwa mwongo nikisema hakina shida, miezi ya mwanzo hedhi inakuwa nzito na tumbo linauma zaidi, kwa hiyo kama hedhi yako tayari ni ya kulala chini siku mbili ongea na mtoa huduma kuhusu kile chenye homoni, hicho kinapunguza damu badala ya kuongeza. Na kama una maambukizi wakati huo, usaha au harufu, unatibiwa kwanza. Asiyewahi kuzaa anaweza kuwekewa pia, hilo la kwamba ni cha waliozaa tu ni maneno ya mtaani.

Vidonge vya majira vinamfaa mtu wa ratiba. Pakiti ina vidonge 28, vile 21 vina homoni na vile 7 vya rangi nyingine havina, kwenye pakiti nyingi ni vya kuongeza damu tu. Ukisahau kimoja au viwili, meza mara unapokumbuka halafu endelea kama kawaida, hata kama siku hiyo unameza viwili. Ukisahau vitatu au zaidi, meza kimoja papo hapo, endelea, na tumia kondomu siku 7, na kama ilikuwa wiki ya tatu ya pakiti basi vile 7 vya mwisho vitupe uanze pakiti mpya moja kwa moja. Hiyo ndo naieleza kuliko zote. Lakini vidonge hivi vya homoni mbili siyo vya kila mtu, ukiwa na presha, au umepita miaka 35 na unavuta sigara, au una kile kichwa cha vimulimuli, usinunue tu dukani, vinaweza kugandisha damu. Mama anayenyonyesha mtoto mchanga naye ana vyake vya homoni moja, akiuliza ntamtafutia.

Kunyonyesha kwenyewe ni njia, ila ina masharti matatu na yote yatimie: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana hakuna uji hakuna maji, na hedhi haijarudi. Siku uliyompa uji wa kwanza njia imekwisha, nenda katafute nyingine siku hiyo hiyo usingoje hedhi irudi, maana yai linatoka kabla ya hedhi. Ndo wale watoto wanaofuatana utadhani mapacha.

Kalenda. Jamani siku salama za kwenye meseji za kusambaziana zimejaza wodi. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOKUJA, siyo siku 14 baada ya iliyopita, na hiyo inayokuja huijui mpaka ije. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani mpaka siku 5 zinasubiri. Kama mzunguko wako haujawahi kutoka nje ya siku 26 hadi 32, basi siku za hatari ni kuanzia ya 8 mpaka ya 19 ukihesabu siku ya kwanza ya damu kama moja, na zile siku zote 12 ni kondomu au mnalala mzungu wa nne. Kama mzunguko wako unarukaruka, achana na kalenda. Kumwaga nje nimeshakupa namba yake.

Kufunga uzazi ni kwa waliomaliza kweli. Wa mwanaume ni rahisi kuliko wa mwanamke, ni kamkato kadogo kwa ganzi na anarudi nyumbani, hahasiwi, nguvu ziko pale pale na maji yanatoka kama kawaida, ila anatumia kondomu miezi 3 ya mwanzo mpaka zile mbegu za njiani ziishe. Miaka tisa kaunta nimeulizwa na wanaume wawili, mmoja alikuwa anabishana na rafiki yake.

Sasa P2 yenyewe, maana ndo iliyotuleta. Ni kidonge cha dharura, unameza mapema iwezekanavyo ndani ya masaa 72, na nikisema mapema namaanisha usiku ule ule siyo saa ya 71. Kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka. Kama yai limeshatoka haina cha kufanya, na kama mimba imeshaingia haitoi mimba wala haiidhuru. Ukitapika ndani ya masaa mawili meza tena nyingine. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa sana inafanya kazi vibaya zaidi, na zile dawa za TB nilizotaja zinaivuruga nayo. Na hapa ndo watu wanapokwama: umemeza Jumapili asubuhi, umefanya tena Jumapili usiku, ile ya asubuhi haikulindi usiku. Tena ni hatari zaidi, maana yai lililocheleweshwa bado linakuja. Kumeza mara nyingi hakukuui wala hakukuharibii kizazi, hedhi ndo inavurugika hujui hata unahesabu nini, na unafeli mara nyingi kuliko aliyeweka njia ya muda mrefu. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, au wiki 3 tangu siku ile, pima UPT. Na kama umechelewa, siku ya nne au ya tano, bado kuna kitanzi cha shaba, kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia kuliko P2 na unabaki nacho. Wengi hawajui hili kabisa.

Kondomu ntaieleza polepole hata kama unajiona mtaalamu. Angalia tarehe. Bonyeza pakiti, isikie hewa ndani, ikiwa imelala bapa tupa. Iliyokaa kwenye waleti wiki tatu inakaliwa, au kwenye kiboksi cha bodaboda juani, hiyo imeshaiva. Chana pembeni kwa vidole, meno hapana. Angalia upande wa kukunjulia kabla ya kuweka, ukiweka kinyume usigeuze ukaendelea, chukua mpya, ile imeshagusa majimaji. Bana kichuchu cha mbele kwa vidole viwili ili hewa isibaki, kunjua mpaka chini kabisa. Mafuta ya nazi, vaselini, losheni, mafuta ya kupikia, vyote vinaila mpira ukapasuka bila wewe kujua, ukitaka ulaini nunua jeli ya maji, tunauza. Mbili kwa pamoja zinasuguana zinapasuka, vaa moja. Ukimaliza toka ungali umesimama, shika pale chini kwenye shina, funga fundo, tupa shimoni. Kuna Salama, kuna Dume, na kuna za bure zahanati, kazi ni ile ile. Ya kike nayo ipo, unaweza kuivaa kabla hata mwenzio hajafika, inafaa sana kwa dada ambaye jamaa yake "amesahau" kila siku.

Ikipasuka, kuna saa ya mimba na saa ya virusi, zote zinatembea. P2 umeshaijua. Kwa virusi kuna PEP, dawa unazoanza ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndo bora, halafu unameza siku 28 bila kuruka. Duka kama langu haliuzi, nenda hospitali au kituo chenye CTC, ile kliniki ya wanaoishi na virusi, useme wazi kilichotokea. Hata aliyelazimishwa kingono akimbilie huko huko kwanza, apate zote mbili. Na kama maisha yako yana hatari ya mara kwa mara, au mwenzio anaishi na virusi na bado hajafubaza, ulizia PrEP, dawa ya kujikinga na virusi unayomeza kabla. Mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri mpaka kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hilo limethibitishwa, na bado kuna ndoa zinavunjika mtaani kwa kutolijua.

Kupima, nendeni wawili. Kipimo kimoja hakitoshi kama kuna kitu kimetokea karibuni, virusi vinaweza kuchukua mpaka miezi 3 kuonekana kwenye kile kipimo cha haraka, kwa hiyo pima, tumia kondomu, rudia. Omba na kaswende. Magonjwa mengine kwa mwanamke yanakaa kimya kabisa mpaka mirija inaziba, ndo maana kaka anayekuja kwangu anaomba azuma, ile antibayotiki, "nimewashwa kidogo" huwa namuuliza na shemeji? Ukitibiwa peke yako unarudishiwa wiki ijayo.

Namna ya kumwambia mwanaume, usimwambie kitandani. Mwambie mkiwa mmeshiba, mnatembea, mwanga upo. Usianze na "sikuamini", anza na hela: ada, kodi, bei ya maziwa ya kopo, wanaume wengi hesabu hiyo inawaingia. "Baba Fulani, mi nataka huyu afike darasa la kwanza ndo aje mwingine, wewe unaonaje?" Akikataa kondomu kwa sababu ya raha mwambie na wewe una raha yako ya kulala bila mawazo. Na kama ni wa ngumi, usimwambie. Sindano haina alama na mwili ni wako.

Siku ya kliniki nenda asubuhi. Kwenye vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango ni bure, tafuta ile Nyota ya Kijani ukutani, ndo alama yake. Ukienda ndani ya siku tano za kwanza za hedhi njia karibu zote zinaanza kazi hapo hapo, ukienda siku nyingine unaweza kuanza pia ilimradi huna mimba, unatumia kondomu siku 7 tu. Usikubali kuambiwa rudi ukiwa kwenye siku zako kama umetoka mbali. Uliza vitu vitatu: damu yangu itakuwaje, nikitaka kuacha inakuwaje, na dalili gani nikimbie hospitali. Kwa kukusaidia hiyo ya mwisho: maumivu makali ya tumbo chini, kuvimba na kuuma mguu mmoja, kifua kubana, kichwa kikali ghafla na macho kupoteza nuru, au kidonda cha kijiti kutoa usaha. Hizo usisubiri kesho.

Kadi watakayokupa ina tarehe ya kurudi, na kadi ndo kitu cha kwanza kupotea nyumba yenye watoto. Piga picha, weka alamu kwenye simu, na uandike mahali pengine pia maana simu nazo zinaibiwa. Yangu nimeiandika kwa peni ndani ya mlango wa kabati la vyombo, "Machi 2027". Mama mkwe alipokuja likizo akaiona akaniuliza ni ya nini hiyo, nikamwambia leseni ya duka inaisha.